Zambarau Kumi na Mbili

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona nyangumi akipumua ubavuni mwa meli hata mvuke wa pumzi yake ukanilowesha shati. Nimeona theluji ikianguka juu ya samaki. Nimeona nahodha, mtu wa kuogopwa, akilia kama mtoto kwa sababu timu yake ya mpira imefungwa. Nilitoka nyumbani Kaloleni na darasa la sita na viatu vya kuazima, na leo nina duka la kamba, nyavu na rangi za mashua hapa Shika Adabu, Likoni, milango miwili, na nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe, na lori dogo ambalo hakuna benki inayolijua. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hivyo mtu akija dukani kuniambia jambo fulani limemshangaza, mimi humwangalia tu, kisha humuuliza anataka kamba ya unene gani.

Lakini wivu si mshangao. Mtu anaweza kuwa ameona kila kitu na bado wivu ukamkuta amekaa zake, tena wivu wa kipuuzi, wa kumwonea msichana ambaye kwa umri ni sawa na kifungua mimba wangu. Ulinikuta mimi, na sababu yake ilikuwa Kihispania.

Kihispania sikukisoma, nilikivua. Miaka kumi na moja nilikuwa katika meli za Wahispania zinazovua jodari, zile ambazo nyingi hushusha samaki Shelisheli na mara moja moja huingia hapa kwetu Kilindini. Neno la kwanza nililolijua lilikuwa tira, yaani vuta. La pili lilikuwa larga, yaani legeza. Ukiyachanganya hayo mawili wakati wavu umejaa samaki, kuna mwenzako atapoteza kidole. Basi lugha nilijifunza hivyo, kwa kuogopea vidole vya wenzangu. Mpaka naacha bahari nilikuwa nabishana na Wahispania kuhusu siasa zao, na wakati mwingine nawashinda.

Karibu na duka langu kuna shule ya kibinafsi, si kubwa, ina msingi na junia sekondari. Mwalimu mkuu wa pale ni mama mmoja mwenye akili za biashara. Aliona shule ya jirani ina Kifaransa na nyingine ina Kijerumani, naye akawatangazia wazazi kwamba kwake watoto wa Gredi ya Saba watasoma Kihispania. Mwalimu aliyempata akakaa wiki mbili, akapata kazi hotelini, akaenda zake. Mama wa watu akabaki na tangazo bila mwalimu.

Siku hiyo alikuja dukani kununua kamba ya mlingoti wa bendera. Mimi nilikuwa kwenye simu na rafiki yangu wa zamani wa melini, tunapigiana kelele kama kawaida yetu. Nilipokata simu nikamkuta amesimama, kamba mkononi.

"Hicho kilikuwa Kiarabu?" akaniuliza.

"Kihispania."

Akaiweka kamba juu ya meza. "Mzee, wewe unaweza kufundisha watoto?"

"Mimi naweza kufundisha hata mbuzi."

"Lakini mshahara wa maana sina."

"Mshahara wako sitaki," nikamwambia. "Nataka waniite Mwalimu."

Akacheka, akafikiri natania. Sikuwa natania. Baba yangu alinitoa shule nikiwa darasa la sita, nikaenda kubeba magunia ya nazi, na kila jioni nilipishana njiani na mwalimu wetu akiwa na baiskeli yake na daftari chini ya kwapa, na watu wazima, wazee wenye mvi, wakimwondolea kofia: Mwalimu, Mwalimu. Nimenunua vitu vingi tangu wakati ule. Neno lile sijaliona likiuzwa dukani.

Tukakubaliana Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Siku ya kwanza nilivaa suruali ya harusi. Nilipoingia mlangoni watoto thelathini na saba wakasimama kwa pamoja, viti vikalia, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu!" Nikageuka nyuma nione ni nani ameingia. Sisemi nilishangaa. Nasema tu kwamba nilichelewa kuitikia marahaba.

Sasa nieleze nilivyofundisha, kwa sababu sijaona mtu mwingine akifundisha hivyo. Niliwatoa uwanjani na kamba ya mita thelathini kutoka dukani kwangu, nikawagawa meli mbili, huku na huku. Nikipiga kelele tira, wavute. Nikisema larga, walegeze. Despacio, polepole. Fuerte, kwa nguvu. Mtoto akikosea neno, mimi simpigi wala simtukani. Kamba yenyewe inamwangusha, na wenzake wanacheka, na neno hilo hatalisahau mpaka azikwe. Hesabu niliwafundisha kwa ndimu. Walisimama mstari mmoja kama watu wanaoshusha samaki, ndimu zikapita mkono kwa mkono, kila mtoto akitaja namba yake, uno, dos, tres, na aliyekwama ndimu zikamrundikia kifuani mpaka zikaanguka. Baada ya mwezi mmoja darasa zima lilihesabu mpaka mia, tena kwa sauti ya bandarini.

Na mila zao niliwafundisha pia. Niliwaambia kwamba Mhispania akiongea kwa kelele hajakasirika, hiyo ndiyo sauti aliyozaliwa nayo. Kwamba hula chakula cha mchana wakati sisi tunawaza chai ya jioni. Kwamba kijana wa miaka ishirini humwita nahodha mzee kwa jina lake tu, bila shikamoo wala bwana.

"Na hapigwi?" akauliza msichana mmoja wa mbele, mdogo wa mwili lakini mdomo mkubwa, ambaye kila kitu lazima aulize.

"Hapigwi."

"Basi mimi nitahamia huko," akasema, na darasa likaanguka kwa kicheko.

Mwaka ule ulikuwa mtamu. Nilikuwa nikipita njiani kwenda kivukoni nasikia sauti nyuma ya ua, "Mwalimu! Buenos días, Mwalimu!" Watu wananigeukia. Wauza samaki, waendesha bodaboda, wale wale waliokuwa wakiniita Mzee wa Kamba. Mimi najifanya sijasikia, ili mtoto aite mara ya pili.

Januari watoto wakapanda Gredi ya Nane, na mwalimu mkuu akaniita ofisini. Kulikuwa na msichana ameketi pale, mwembamba, nywele za kusuka, raba nyeupe miguuni, begi mgongoni kama mwanafunzi. Ametoka bara. Ana diploma ya lugha.

"Huyu ndiye mwalimu wetu mpya wa Kihispania," mama akasema. "Sheria siku hizi, unajua, wanataka vyeti. Lakini wewe hatukutupi. Mtasaidiana."

Yule msichana akainuka, akanipa mkono, akainama kidogo. "Shikamoo, Mzee. Nimeskia story zako kibao. Yaani wewe umeishi nao kabisa! Mimi Spain nimeiona tu kwa simu."

Angekuwa na kiburi ningempenda. Mtu mwenye kiburi namjua, naweza kupambana naye. Huyu alikuwa na adabu, na alinisifu, na alinichukulia darasa langu huku akinisifu.

Tukaingia darasani pamoja. Watoto wakasimama. Akawaambia, "Mimi ndiye mwalimu wenu mpya. Na Anko mnamjua, atakuwa akitusaidia."

Anko. Mwaka mzima nimejenga, kwa neno moja nimebomolewa. Na watoto ni watoto. Wiki haikuisha, njiani nasikia, "Shikamoo, Anko!" Kwa heshima kabisa, mikono nyuma. Nilitamani wanitukane.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mgongo unaniwasha. Mimi Kihispania nakisema. Kukiandika, nilikuwa nakiandika kama kinavyoingia sikioni, kwa herufi zetu. Kule baharini hakuna ubao. Bango langu la salamu lilikuwa juu ya ubao tangu mwaka uliopita, nililiandika mwenyewe kwa rangi ya mashua. Akalitazama, akaniangalia, akaniangalia tena, halafu akalibandua polepole, akalikunja vizuri, akanipa kama mtu anayekurudishia leso yako. "Usijali, Mzee. Nitatengeneza lingine." Na watoto wakaambiwa waandike upya madaftari yao, kwa kalamu nyekundu.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa nyimbo na soksi. Ndiyo, soksi. Aliingiza mkono ndani ya soksi iliyoshonwa vifungo vya macho, soksi ikauliza jina lako nani, na vijana wenye sauti zinazovunjika wakaijibu soksi. Alikuwa na spika ndogo ya simu, na kila neno lilikuwa na wimbo wake na makofi yake. Mimi nilikaa nyuma kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yananigusa kidevu. Nilingoja wachoke. Hawakuchoka. Wakianza kuimba nilitoka nje kwa kisingizio cha simu, nikasimama chini ya dirisha na simu sikioni ambayo haina mtu, nikiwasikiliza wanavyocheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama kwangu walicheka kwa nguvu vile.

Mke wangu akaniona jinsi ninavyorudi nyumbani.

"Baba watoto, hebu niambie. Hilo darasa limekuoa?"

"Sina neno na mtu."

"Huna neno, na chakula hukigusi. Mtu mzima kumnunia mtoto wa juzi! Kwani amekuibia nini?"

Nikamwambia hajui anachosema. Alikuwa anajua vizuri sana, ndiyo maana nilimjibu hivyo.

Sasa sikiliza habari ya zabibu.

Wahispania wana mila moja ya mwaka mpya. Kengele ya saa sita ya usiku inapogonga mara kumi na mbili, kila mtu hula zabibu kumi na mbili, moja kwa kila pigo la kengele, ili kila mwezi wa mwaka uje na bahati yake. Mila hiyo mimi sikuisoma popote. Mwaka wangu wa kwanza melini, tukiwa katikati ya maji, hakuna zabibu hata ya dawa, mpishi alitugawia zeituni za kopo, kumi na mbili kila mmoja, akachukua kifuniko cha sufuria akakipiga kwa mwiko. Wanaume thelathini tukala zeituni kwa mbio, mashavu yamejaa, na wengine machozi yanawatoka kwa kukumbuka kwao. Hadithi hiyo nilikuwa nimewawekea watoto wangu. Sikuwahi kuwasimulia. Nilikuwa nangoja siku inayofaa.

Jumatano moja ya Februari naingia darasani, namkuta msichana yule anaisimulia. Kwa picha za simu. Mnara, saa, umati wa watu, zabibu kwenye bilauri. Watoto macho yamewatoka. Alipomaliza wakapiga makofi.

Nilihisi kama mtu aliyekuta fanicha zake kwenye nyumba ya jirani.

"Na sisi tutafanya," akawaambia. "Siku ya kikao cha wazazi. Mwaka wetu wa shule ndio umeanza, si ndiyo? Tutakula kumi na mbili mbele ya wazazi, tukihesabu kwa Kihispania."

"Zabibu ni ghali, Mwalimu," akasema yule msichana wa mbele. Mwalimu alikuwa anaitwa yeye.

"Tutatumia zile kavu, za pilau. Moja moja."

Hapo nikasimama. Kiti kikasimama nami, kilikuwa kimeninasa. "Zabibu kavu si tunda," nikasema. "Waachieni matunda wanaoyajua. Nitaleta mimi, ya watoto wote, na kengele nitapiga mimi. Mimi ndiye niliyeila mila hii kwa mdomo wangu, sikuiona kwenye simu."

Msichana wa watu akafurahi! Akapiga makofi, akawaambia watoto wapige makofi. "Asante sana, Mzee. Tuko pamoja."

Ningeweza kununua zabibu. Nataka msomaji alijue hilo, pesa ya zabibu ninayo. Lakini nilikuwa nimelala na kuamka na jambo moja tu, kwamba nifanye kitu ambacho yeye hawezi hata kukiwaza. Na ulikuwa msimu wa zambarau. Nilipopita karibu na kivuko nikaziona kwenye beseni za akina mama, nyeusi, nene, zinang'aa, umbo la zabibu kabisa. Nikajiambia: melini tulikula zeituni kwa sababu ndizo zilizokuwepo, watoto wa Likoni watakula zambarau. Mila yao, tunda letu. Mtoto wa bara angepata wapi akili hiyo? Nikanunua ndoo mbili, nikaziosha mwenyewe, nikazipanga kwenye vikombe vya karatasi kumi na mbili kumi na mbili, mke wangu akinitazama mlangoni.

"Zambarau?" akauliza.

"Zambarau."

"Mbele ya wazazi?"

"Wewe ngoja tu."

Kila mtoto wa pwani amekua na ulimi wa zambarau. Nilijua zinatia rangi, nani asiyejua? Nilifikiri watoto watatoa ndimi zao nje, wazazi watacheka, watapiga picha. Sare yao ni ya bluu iliyokolea na vijistari. Ukimwagia hata wino haionekani.

Ijumaa asubuhi nikaingiza ndoo zangu kwenye ukumbi. Wazazi wamejaa, akina mama wa buibui upande huu, akina mama wa kanisa upande ule, wababa wa bandarini na viwandani wamesimama nyuma karibu na mlango, kama kawaida ya wababa. Na mbele, kwenye mistari, watoto wangu thelathini na saba.

Wamevaa mashati meupe.

Mapya. Bado yana mikunjo ya karatasi. Baadaye nikaambiwa kwamba mwalimu mkuu aliamua Gredi ya Nane wawe na shati jeupe la siku za wageni, na tangazo lilipita kwenye kundi la walimu la simu, na kila mzazi alikuwa amelinunua wiki hiyo hiyo. Kundi hilo la walimu mimi sikuwahi kuingizwa.

Yule msichana wa diploma akanijia haraka, akachungulia kikombe kimoja. Akashika zambarau, akaiminya kidogo, akaangalia kidole chake.

"Mzee," akaninong'oneza, "hizi si zinatoa rangi?"

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema ndiyo. Mpaka leo naiona ile nafasi, pana kama mlango wa lori. Ningesema, mwanangu, nimekosea, tuwafunge mataulo shingoni, au tule zabibu zako kavu. Lakini watoto wote walikuwa wametugeukia wanatutazama, wanangoja kuona ni nani kati yetu atakayeamua.

"Wewe mtu wa bara zambarau utazijulia wapi?" nikamwambia. "Hazitoi."

Yule msichana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu."

Nikamgeukia. Lakini hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mwalimu," akamwambia kwa sauti ndogo, "mamangu atanipiga."

Nikachukua nyundo.

Kengele ya shule ile ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Tulikuwa tumekubaliana nipige polepole, mtoto atafune, ameze, ateme kokwa kwenye kikombe. Mimi nilipiga kama mpishi wetu. Uno! Watoto wakapiga kelele uno na zambarau mdomoni. Dos! Bado ile ya kwanza haijashuka. Tres! Cuatro! Wazazi wakaanza kushangilia, wengine wanahesabu nao bila kujua wanahesabu nini, simu juu. Kufikia ya sita mashavu yalikuwa yamevimba kama ya samaki bunju. Kokwa za zambarau si za mchezo. Hazimezeki na hakuna wakati wa kuzitema. Kufikia ya nane mmoja akacheka, na kicheko chake kikawafikia watatu waliokuwa mstari wa mbele yake, migongoni. Mwingine akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Mwingine akaona mkono wake umechafuka akaufuta kifuani. Ya kumi na moja, once! wakapiga kelele watoto thelathini na saba, na lile neno likatoka na maji yake. Doce!

Nikashusha nyundo. Watoto wamesimama wima, kama walivyofundishwa, mashati yana madoa ya urujuani kuanzia kola mpaka kitovu, wanangoja makofi.

"Yallah!" ikatoka sauti upande wa buibui. "Mashati!"

Hapo ukumbi ukalipuka. Kila mama akamwendea wake. "Hebu geuka! Geuka nikuone!" "Shati la juzi, wallahi, halijaona hata maji!" "Usilishike, utalisambaza!" "Nani huyu aliyewapa watoto zambarau na nguo nyeupe? Ana wazimu?" Mzee mmoja wa kanisa alicheka mpaka mkewe akampiga kiwiko. Kila mtu mle ndani aliyezaliwa pwani alijua kwamba doa lile ndimu haiwezi, chumvi haiwezi, na jua haliwezi.

Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya sokoni, akasimama katikati, amemshika mwanawe begani. "Nauliza kwa upole," akasema, na haukuwa upole. "Ni nani mwenye jambo hili?"

Yule msichana akasonga mbele. "Ni mimi, wazazi wangu," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wa Kihispania. Hili lilikuwa somo langu. Naomba mnisamehe sana."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Angetoka kwa mlango wa nyuma na nyundo yake. Sijui kueleza vizuri kilichonipanda, ila nitasema ukweli kwa sababu ndiyo maana naandika. Sikuwaza kwamba mtoto wa watu anaonewa. Hilo lilikuja baadaye, nyumbani. Niliwaza: hata hili? Amechukua ubao, amechukua watoto, amechukua hadithi yangu ya zabibu, na sasa kosa langu, kosa nililolibeba mwenyewe kwa ndoo mbili, nalo analichukua. Kwa maana akilaumiwa yeye kama mwalimu, basi mwalimu ni yeye, na mimi nilikuwa mtu aliyeleta matunda.

"Si yake!" nikapiga kelele, sauti ya melini. "Huyu hajui zambarau, ni wa bara. Aliniuliza kama zinatoa rangi, nikamwambia hazitoi. Nilijua zinatoa. Tunda ni langu, kengele ni yangu. Hili somo lilikuwa langu, lisichukuliwe na mtu."

Yule mama akanigeukia, akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Na wewe ni nani hapa shuleni?"

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa anasoma ratiba yake. Kweli, mimi nilikuwa nani? Mfanyabiashara. Jirani. Anko.

"Mama," akasema yule msichana wa mbele, na hapo ndipo nilipojua kwamba yule mama mnene ndiye mamake, na yule aliyeshikwa begani ni yeye. Meno yake yalikuwa ya zambarau kabisa. "Ndiye aliyetufundisha kuhesabu. Kwa ndimu. Nilikwambia mwaka jana, ukasema nadanganya."

"Yule wa kamba?"

"Ndiye."

Mama akanitazama tena. Kisha akaliinua shati la mwanawe kwa ncha za vidole, akalinyoosha mbele ya uso wangu.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Na hili shati itakuwaje, Mwalimu?"

Alikuwa anasema kwa kejeli. Najua kejeli ninapoisikia. Lakini alilisema mara mbili, mbele ya wazazi wote, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya yule mwenye diploma.

"Nitalipa," nikasema. "Lako na ya wote. Jumatano kila mtoto atakuwa na shati jipya mkononi."

Wazazi walipoanza kutoka, yule wa diploma akanivuta mkono wa koti. Alikuwa amelia, na alikuwa amejifuta. "Mzee, hapana. Usilipe peke yako. Ni darasa letu wote. Mimi nitatoa nusu, hata kama ni kidogo kidogo."

Mke wangu nilipomsimulia alisema ule ulikuwa moyo mzuri, na kwamba nilimkatalia kwa uungwana, kwa kuona mshahara wake ni mdogo. Nilimwacha aamini hivyo. Lakini nilimkatalia kwa sababu angetoa nusu, nusu ya somo ingekuwa yake. Nikamwambia hata senti yake siitaki, na Jumatatu nikaenda kwa muuza sare nikalipa mwenyewe, peke yangu, taslimu, mashati thelathini na saba: shilingi elfu kumi na saba, mia saba na sitini.